Bakuli Moja, Nyumba Nne

Mkono wangu ulikuwa haukosei mstari. Nasema hivi bila haya, kwa sababu ndio huo ulioniponza. Katika ofisi yetu pale Mchafukoge, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, wenzangu wote walikuwa wanaume, na kila mmoja wao akivuta mstari wa wino unamtoka kama njia ya siafu. Mimi nikivuta, umenyooka. Basi chati zote kubwa, zile za kubandikwa ukutani na kutazamwa na wageni, nikawa napewa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina kazi ya serikali, nina kalamu ya wino ya peke yangu, na kichwa kimenivimba.

Ilikuwa miaka ya unga wa njano. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Asiyekuwepo ajue tu kwamba mvua zilikataa, mahindi yakakosekana, yakaletwa mahindi ya nje ambayo unga wake ulikuwa wa njano na unanuka gunia. Ulipatikana duka la ushirika, kwa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mawe: unaweka jiwe lako alfajiri, unaenda zako, ukirudi unasimama pale lilipo. Ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Shangazi yangu, aliyenilea pale Kariakoo tangu nilipoletwa kutoka kusini nikiwa mdogo, alikuwa na jiwe lake maalumu lenye alama ya chokaa. Akirudi nalo nyumbani, analiosha.

Kazi yetu ofisini ilikuwa kugeuza tarakimu kuwa picha. Mkuu wetu wa kitengo, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu mbele ya wenzake, alikuwa na imani moja: asiyejua kusoma anajua kuona. "Usimwandikie mama wa Kariakoo asilimia," alikuwa akiniambia. "Mchoree gunia." Basi nikachora magunia. Kipato cha nchi moja kwa mtu mmoja kwa mwaka, safu ya magunia. Cha nchi nyingine, safu nyingine kando yake, na kuendelea, hadi nchi zote tulizokuwa na hesabu zake zikakaa kwenye ukuta mmoja.

Hapo ndipo nilipoiona dunia, nikiwa nimepanda juu ya meza. Safu za wenzetu wa Ulaya na Marekani zilipita karatasi. Nikagundisha karatasi ya pili juu yake, kisha ya tatu, hadi dari ikanizuia, na bado magunia yalikuwa hayajaisha. Sisi tulikuwa kule chini, karibu na miguu ya meza, gunia moja ambalo halijajaa. Nikaona uzalendo unanipanda, nikataka kulinenepesha kidogo. Mkuu akaja nyuma yangu akaangalia. "Acha lilegee," alisema. "Ndivyo lilivyo." Nikaliacha likalegea.

Chati ya pili ilikuwa ya historia: tangu enzi za Mjerumani, Mwingereza, Uhuru, hadi mwaka wenyewe ule. Mstari wa chakula cha mtu wa kawaida. Enzi za Mwingereza tulikuwa na vijikaratasi vya hapa na pale. Enzi za Mjerumani, hamna kitu. Hesabu za katani zilikuwepo, za pamba zilikuwepo, za meno ya tembo zilikuwepo hadi jino la mwisho. Cha mtu mweusi alichokula hakuna aliyekiandika. Nikachora mstari wa nukta nukta. Jioni nilimweleza shangazi, naye akaniuliza nukta zile maana yake nini.

"Maana yake hatujui."

"Hamjui?" Akacheka, kicheko cha mtu anayemwonea mtu huruma. "Si ungeniuliza mimi? Mama yangu alikuwa anachimba ming'oko porini, mizizi, akienda nasi tukiwa tumejifunga tumbo kwa gome la mti, njaa isiume. Ofisi nzima hamjui, na mimi nimekaa hapa nakaanga vitumbua!"

Nilicheka pia. Ningefanya vizuri zaidi kama ningechukua kalamu.

Picha ya tatu ndiyo yenyewe. Ilikuwa ramani ya jiji, mtaa kwa mtaa, itakayopakwa rangi kwa kadiri watu wanavyokula. Mtaa wenye njaa, nyekundu iliyokolea. Mtaa wenye nafuu, nyekundu iliyofifia. Mtaa unaokula vizuri, unaachwa mweupe. Na ramani hii haikuwa ya maonyesho tu, ingawa nayo ingeenda kwenye maonyesho ya Mnazi Mmoja. Mkuu alitukusanya akatuambia wazi: mitaa iliyokolea itaongezewa unga kwenye maduka yake, na kliniki zitawapa kina mama wa mitaa hiyo maziwa ya unga kwa watoto wachanga. Maziwa yenyewe ni machache, hayatoshi jiji zima. Kwa hiyo rangi itaamua nani anapata. Niliyaelewa maneno hayo vizuri sana. Sina pa kujifichia.

Watu wa kudadisi hawakutosha, na mimi nikapewa nyumba nne. Zilikuwa mwisho wa Kariakoo, upande unaoteremka Jangwani, mitaa mitano kutoka kwetu. Na Kariakoo, mitaa mitano ni nchi nyingine. Nyumba za Kiswahili zilizopangana, zimepeana migongo, uani kwa uani, na viambaza vya makuti ambavyo kila kimoja kilikuwa na upenyo wa kuazimana chumvi. Nilipewa fomu, mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, na sheria moja: nenda kila siku saa zile zile, kwa wiki mbili, watu wakuzoee. Nyumba ya kwanza saa nne. Ya pili saa tano kasoro robo. Ya tatu saa tano na nusu. Ya mwisho saa sita. Unauliza mko wangapi leo, unapima kitakachopikwa, unaandika, unaondoka.

Nilijitambulisha kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye kibarakashia cheusi kilichopauka na sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, ndugu karani. Mnapima chakula chetu ili iweje?"

Nikamweleza ramani. Nikamweleza rangi. Labda nilieleza kwa madaha mno, maana alikuwa anaitikia "naam, naam" huku macho yake yameshika ile mizani. Mwisho akaniuliza swali moja: "Na nyumba ikikutwa haina kitu?" Nikamjibu, "Itaandikwa haina kitu, balozi." Akaitikia naam, akanisindikiza hadi mlangoni.

Sasa sikiliza. Wakati ule mjini, mtu asiye na kazi alikuwa anakusanywa, anapakiwa kwenye lori, anapelekwa kijijini akalime. Wengine walipakiwa na kandambili za kuogea. Baba mmoja wa nyumba zile nne alikuwa kuli bandarini, mgongo umemwacha, yuko kitandani mwezi wa tatu. Balozi aliposikia "itaandikwa haina kitu", yeye hakusikia maziwa wala unga. Alisikia lori. Na hata bila lori, aibu ilikuwepo. Mtu wa serikali aingie kwenye nyumba kumi zake, msichana mwenyewe wa kusini kama wao, aondoke akaseme kwao hakuna moto? Heri wafe. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilitoka pale najiona nimefanya kazi nzuri.

Kuanzia kesho yake nikakuta mchele. Nyumba ya kwanza, mchele kwenye bakuli, na samaki mmoja wa kukausha juu yake. Nikapima, nikaandika. Ya pili, mchele na samaki. Ya tatu, mchele na samaki. Nikafika ya mwisho, nyumba ya yule kuli mwenye mgongo, na mkewe akanipokea mlangoni na kichanga begani. Mtoto wa kike, wa miezi miwili, ana nywele nyingi mpaka nikamtania mama yake kwamba huyu amekuja na kilemba chake.

"Mko wangapi leo, dada?"

"Wanane," alisema. Yeye, mumewe, mama mkwe, watoto wanne na yule wa begani. Halafu akatabasamu. "Na wewe wa tisa. Karibu ndani."

Saa sita ile, nikamaliza kupima, akaupika mchele ule ule mbele yangu. Nikatengewa sahani. Mimi na mama mkwe na watoto tukala, mgonjwa akapelekewa chake chumbani. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kibao, ananyonyesha. "Kula wewe, mdogo wangu. Mimi nimeshaonja jikoni, imetosha." Nikala. Ulikuwa wali mweupe, na mimi sikuwa nimeuona wali tangu Idi.

Kwenye fomu kulikuwa na safu ya wageni waliokula. Maelekezo yalisema kila mdomo uandikwe. Nikaiacha tupu. Nitaandikaje kwamba mdadisi amekula chakula alichotumwa kukipima? Niliona haya. Siku ya pili nikaiacha tupu, ya tatu pia, na kila siku nikifika naambiwa wanane na wewe wa tisa, naandika wanane.

Nyumbani shangazi alinusa mkono wangu.

"Umekula wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo inayopika?" Nikamweleza. Akaacha kukoroga unga wa vitumbua, akanitazama. "Mwanangu, nyumba inayompa mgeni wali kila siku kwa mwaka huu, ama ni ya mlanguzi, ama inajiua. Ni walanguzi hao?"

"Shangazi nawe! Watu hawawezi kuwa na riziki yao?"

"Nimekuuliza tu."

Nikamkatalia chakula cha usiku kwa hasira, na sikuhitaji chakula chenyewe. Nilikuwa nimeshiba.

Siku ya nne niliona bakuli. Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lina ua la buluu ubavuni, na kwenye ukingo rangi imebanduka, pamebaki kidoa cheusi chenye umbo la ndimi mbili. Niliona kidoa kile saa sita, nyumba ya mwisho. Nikakumbuka nimekiona saa nne, nyumba ya kwanza. Moyo ukanipiga. Nikautuliza: mabakuli ya aina hii yamejaa Kariakoo, yote yanabanduka. Nikaangalia fomu zangu. Nyumba nne, uzito mmoja, hadi alama ya mwisho ya mizani. Nikautuliza tena: wananunua duka moja, kibaba kimoja, kwa nini uzito usifanane? Uongo wa kujiambia mwenyewe una miguu mirefu. Wiki mbili nzima nilipima bakuli lile mara nne kwa siku, na wao wakalipitisha kwenye upenyo wa uani likinitangulia, na mimi nikipita barabarani na mizani yangu mkononi kama bwana afya.

Nilipochora chati yake, nguzo nne, moja kwa kila nyumba, zilitoka sawa sawa, kama zimekatwa kwa shoka moja. Mkuu alizitazama muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hizi nne mbona zimelingana hivi?"

Huo ndio ulikuwa mlango. Ulikuwa wazi, na mtu mwenyewe alikuwa mpole, asingenila. Ningesema, mzee, nadhani nimepima kitu kimoja mara nne. Lakini ningelazimika kusema nilijua lini. Ningelazimika kusema na wali nilikula. Na chati ilikuwa nzuri, wallahi, sijachora nyingine nzuri kama ile.

"Ni wajamaa, mzee," nilisema. "Wananunua pamoja, wanagawana sawa."

Uso wake uling'aa. Nilimpa kitu alichokuwa amekitafuta kwenye tarakimu miaka yote asikione. "Una uhakika?"

"Nina uhakika, mzee."

Mtaa ule ukaachwa mweupe. Pande zake zote mbili mitaa ilikuwa nyekundu ya kukolea, na ule mmoja katikati ukabaki kama jino. Na nguzo zangu nne zikakuzwa, zikapewa ubao wao peke yao kwenye maonyesho ya Mnazi Mmoja, na maandishi juu: Mfano wa Usawa.

Watu walifurika kule uwanjani. Mbele ya chati ya nchi walikuwa wanasimama wanainua vichwa kufuata magunia ya Ulaya hadi juu, halafu wanateremsha macho kutafuta la kwetu. Mzee mmoja alilitafuta mpaka akapiga goti. Alipoliona alisema, "Loh," akaenda zake. Wastani, mkuu alikuwa akiwaeleza wageni, ni kila mtu akipewa fungu sawa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwaza kwamba wastani ni mchuzi wa shughuli: wa mbele anachota nyama, wa nyuma anachota maji, na mpishi anaapa sufuria ilikuwa moja.

Balozi alikuja pia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alisimama mbele ya zile nguzo nne, akaniita kwa kidole. "Ndugu karani, hawa ndio sisi?" Nikamwambia ndio nyinyi. Akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Hatukuaibika." Akanipa mkono. Nami nikaupokea.

Nitasema kilichonirudisha kule, kwa sababu nimeapa kusema. Njaa ndiyo iliyonirudisha. Wiki tatu baada ya udadisi kwisha, jiwe la shangazi lilisogezwa na mtu asiyejulikana, tukakosa unga siku mbili. Siku ya pili saa sita, miguu yangu yenyewe ikashika njia ya Jangwani. Nikajiambia naenda kuwajulia hali. Sikuwa na mizani wala fomu. Sikuwa nimetuma neno.

Nilimkuta mama mkwe uani anachemsha majani ya mhogo, majani matupu, maji yake ya kijani yanachemka bila kitu kingine. Mke wa kuli alikuwa kwenye kibao chake kile kile. Mwanzo sikumjua mtoto. Zile nywele zilikuwa zimebaki chache na zimegeuka rangi, wekundu wa udongo, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima. Alikuwa ana titi mdomoni na hanyonyi.

Yule dada aliponiona alishtuka, akasimama, akavuta khanga. "Karibu! Karibu, mdogo wangu, mbona hukusema?" Akamgeukia binti yake mkubwa, akamwambia kitu kwa sauti ya chini, na binti akainama, akachukua bakuli la bati kutoka chini ya meza. Lile. Akapenya nalo kwenye upenyo wa makuti. Mimi nikasema jamani msihangaike, nimeshakula. Tukakaa. Tulisikia binti anabisha uani kwa jirani, kisha uani kwa jirani wa pili, kisha mbali zaidi. Sisi watu wazima watatu tulikuwa tunasikiliza hodi zile na hakuna anayemtazama mwenzake.

Binti alirudi na bakuli. Lilikuwa tupu.

Hapo ndipo yule dada alipokaa chini akaniambia. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeeleza alivyopoteza ufunguo. Balozi aliwaambia mtu wa serikali asikute nyumba haina kitu, watapakiwa. Mchele haukuwepo ila kwa mlango wa nyuma, na mwenye mchele hakutaka fedha, fedha wakati ule zilikuwa karatasi; alitaka unga. Kila nyumba ikawa inatoa unga wake wa njano kila asubuhi kupata lile bakuli moja. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nafika kwake saa sita, saa ya chakula, ilibidi upikwe, maana mgeni haondoki saa sita na njaa. Wiki mbili. Unga wa mwezi wa nyumba nne ulikwenda hivyo. Baada ya hapo maziwa yakamkauka. Akaenda kliniki kuomba ya unga, akaulizwa anakaa mtaa gani, akataja. Dada wa kliniki akaangalia karatasi, akasema mtaa wenu haumo.

"Nikamwambia labda amekosea," alisema. "Akanionyesha. Kweli haumo." Halafu, kwa ule upole ambao mpaka leo unanichoma kuliko tusi, akaniuliza, "Wewe wa ofisini, hujui ni kwa nini haumo?"

Nilitoka pale mbio. Nilikimbia Kariakoo nzima na viatu vya kisigino, nikapita kwenye mafungu ya nyanya za watu, nikatukanwa. Mkuu alikuwa mezani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: bakuli, uzito, nguzo, wali, kwamba nilijua tangu siku ya nne. Alivua miwani, safari hii hakuifuta.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, mzee."

Aliandika barua saa ile ile, kwa mkono, akaipeleka mwenyewe huko juu ambako orodha ya mitaa ilitiwa sahihi. Akarudi jioni ameambiwa orodha ni ya robo mwaka, marekebisho yatasubiri kikao. Kesho yake asubuhi nilikuta kwenye meza yangu kitu kimefungwa gazeti. Kopo la maziwa ya unga, limefunguliwa tayari, limepungua robo. Alikuwa na mjukuu nyumbani kwake. Nikalipeleka Jangwani bila kumshukuru, nilishindwa. Shangazi naye alinipa unga aliopata siku hiyo, wote, kwenye kikapu pamoja na jiwe, alivyochanganyikiwa. Hakuniambia "nilikuambia". Laiti angesema, ningepata mtu wa kumjibu.

Mtoto alikunywa. Siku nne za kwanza alikunywa vizuri hata nikaanza kujisamehe. Kisha likamshika tumbo la kuhara, na kopo likaisha kabla barua haijajibiwa.

Chati ya nguzo nne ilirudishwa ofisini ikabandikwa kwenye korido, na ilikaa pale miaka. Wageni wa nje walikuwa wanapiga picha mbele yake. Nilimwomba mkuu tuibandue, akakataa. "Iache," aliniambia. "Kila ukipita uione." Nadhani alikuwa anasema na yeye mwenyewe pia. Barua ilijibiwa mwezi wa pili wake, mtaa ukapakwa rangi, na mimi ndiye niliyeupaka. Nilitia nyekundu mpaka karatasi ikalowa ikatoboka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema watu, na wanamlaumu mficha. Hawamsemi aliyeonyeshwa kidonda akakichora ua.

Lakini hayo ni ya baadaye; msiba wa mtoto ulitangulia, nami nilikwenda siku ya pili. Nilisita mtaani muda mrefu; nilitegemea kufukuzwa, na nilikuwa nataka kufukuzwa. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, jamvi zima. Balozi alikuwa nje na wanaume, kibarakashia mkononi, na aliponiona aliinamisha kichwa. Nikavua viatu, nikaingia nikiwa nimejitanda khanga hadi machoni, nikakaa ukutani karibu na mlango.

Kulikuwa na chakula. Majirani wa nyumba kumi walikuwa wamechanga, kila mtu alichokuwa nacho, ugali wa njano na maharage machache. Wakaanza kupakua, na bakuli la kwanza kupakuliwa lilikuwa lile jeupe, lenye ua la buluu. Yule dada mwenyewe alilichukua. Wenzake walimwambia akae, mfiwa hahudumii, lakini alishanyanyuka. Alikuja nalo akipita kati ya miguu ya watu, akapiga magoti mbele yangu, akaliweka kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa makavu.

Nikajaribu kusema pole. Likanitoka swali lililozoea kunitoka pale nyumbani kwake kila siku saa sita, na sikuweza tena kulirudisha. "Mko wangapi leo, dada?"

Aliyekuwa akipakua alishusha upawa.

"Saba," alisema. Akalisogeza bakuli karibu yangu. "Na wewe wa nane. Kula."